Faili likivuka GB 4 linakula mwanzo wake: mwongozo kamili wa kurekebisha namba inayofurika kwenye mfumo wa mafaili

Shemeji yangu ana duka la vifaa vya ujenzi na kamera nne, na mimi kwa kiherehere changu nikamwandikia mfumo mdogo wa mafaili wa kuhifadhi rekodi, kwa lugha ya C na FUSE, yaani unaendeshwa kama programu ya kawaida bila kuingia ndani ya kerneli, kile kiini cha mfumo wa uendeshaji. Kila siku faili moja la video la .ts, kila faili linatengewa GB 10 mfululizo kwenye diski ili lisikatikekatike. Ukafanya kazi miezi bila shida. Halafu akaongeza ubora wa picha, wiki hiyohiyo mifuko ya saruji ikapotea, na akanipigia: "Shem, nafungua rekodi ya leo mwanzo kabisa nione aliyefungua stoo asubuhi, naona giza na mlinzi anakunywa chai. Asubuhi iko wapi?"

Asubuhi ilikuwa imeliwa na usiku. Faili lilipovuka GB 4 likaanza kujiandika upya kutoka mwanzo, kimyakimya, bila kosa lolote kwenye logi. Flashi ya FAT32 ukiipa muvi ya zaidi ya GB 4 inakukatalia kwa sababu sehemu ya kuandikia ukubwa wa faili ina biti 32 tu, inakera ila inasema ukweli. Programu yangu ilikubali kila kitu na kurudisha "sawa". Hapa chini ni jinsi nilivyoitafuta bagi hiyo, nilivyoitibu, na pia kitu ambacho wengi wanakisahau, nini kinatokea kwa mafaili ya zamani ukishaweka kiraka.

Kwanza uelewe inafurika wapi

Kodi yenyewe ilikuwa hii, na ukiiangalia haraka haina ubaya wowote:

```
uint32_t blk = ofseti >> 12;
uint64_t pos = k->mwanzo + (blk << 12);
```

`ofseti`, yaani umbali kutoka mwanzo wa faili, ni ya biti 64, sawa. `pos` ni ya biti 64, sawa. `mwanzo` ni mahali faili linapoanzia kwenye diski, nao biti 64. Sasa shida iko wapi? Iko kwenye mabano. `blk` ni biti 32, na kwenye C hesabu inafanyika kwa ukubwa wa namba zilizomo ndani ya hesabu, C haiangalii jibu linaenda kuwekwa wapi. Ni kama unapima mchele kwa kibaba halafu unamimina kwenye debe, kibaba kikishajaa unaozidi unamwagika chini hapohapo, na debe hata liwe kubwa kama tenki la maji halitaurudisha.

Bloku moja ni baiti 4096, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 12, ndiyo maana ya hiyo 12. Bloku namba 1048575 ukiisogeza kushoto biti 12 unapata 4294963200, inaenea. Bloku inayofuata, 1048576, inatakiwa itoe 4294967296, lakini namba kubwa kabisa ya biti 32 isiyo na alama ni 4294967295, kwa hiyo unapata sifuri. Sifuri kabisa. `pos` inakuwa `mwanzo + 0` na rekodi ya usiku inashuka juu ya rekodi ya asubuhi.

Kama `blk` ingekuwa `int` ya kawaida mambo yangeharibika mapema zaidi, kwenye GB 2, maana mwisho wake ni 2147483647, na hapo C inasema tabia haijulikani kabisa, kompaila (programu inayogeuza kodi yako kuwa lugha ya mashine) anaweza kufanya anavyotaka, hata kufuta ukaguzi wako wa `if (a + b < a)` kwa sababu yeye anaamini haiwezi kutokea. Nimeona mtu anagombana na kompaila siku nzima kwa hiyo.

Itokeze kwa makusudi kabla hujagusa kodi

Usirekebishe kitu ambacho hujakiona kikivunjika mbele ya macho yako. Na huhitaji diski kubwa, laptop yangu ilikuwa na GB 9 tu zilizobaki. Tumia faili lenye matundu:

```
truncate -s 12G picha.img
ls -lh picha.img
du -h picha.img
```

`ls` itakwambia ni GB 12, `du` itakwambia sifuri, kwa sababu sehemu zisizoandikwa hazichukui nafasi. Weka picha hiyo kwenye ext4 au kitu kama hicho, usiiweke kwenye flashi ya FAT32 maana tushasema hapo juu. Tengeneza mfumo wako ndani yake, upandishe (mount) kwenye `/mnt/jaribu`, halafu:

```
F=/mnt/jaribu/kubwa
printf 'ASUBUHI' | dd of=$F bs=4096 conv=notrunc
printf 'USIKUUU' | dd of=$F bs=4096 seek=1048576 conv=notrunc
```

Sasa shusha mfumo (unmount), upandishe tena, ndipo usome `head -c 7 $F`. Hiyo ya kushusha usiiruke, kerneli inaweza kuwa imeshika kurasa kwenye kumbukumbu ikakuonyesha ASUBUHI safi kabisa wakati diskini kuna kitu kingine. Mimi nilipata USIKUUU. Nikacheka peke yangu saa nane usiku.

Halafu kuna mtego ambao ndio uliofanya bagi hii iishi miezi yote ile. Majaribio yangu ya zamani yalikuwa yanaandika kwenye GB 5 halafu yanasoma GB 5 yanalinganisha. Yanapita! Yanapita kila siku, kwa sababu kuandika kunakosea na kusoma nako kunakosea vilevile, wote wawili wanakutana mahali palepale pasipo sahihi wanapeana mkono. Dalili nyingine ilikuwa wazi nikaipuuza: `du` ya picha haikuzidi GB 4 kwa kila faili hata siku moja, wakati `ls` inasema faili ni GB 5 na kitu.

Kuwinda zilipo

Nilidhani nitawasha `-Wall -Wextra` kompaila anionyeshe, hakusema kitu. Nikaongeza `-Wconversion`, akalalamika mistari kibao ila sio huu. Ukifikiria ni haki yake, `-Wconversion` inapiga kelele pale namba kubwa inapobanwa kwenye chombo kidogo, hapa ni kidogo kinaingia kwenye kikubwa, kwake ni salama. Uharibifu ulishatokea kabla.

`-fsanitize=undefined` nayo hainasi hii, maana namba zisizo na alama zikifurika C inaona ni halali, zinazunguka tu kurudi sifuri. Iliyonisaidia ni ya Clang, kompaila mwingine:

```
clang -g -fsanitize=integer -D_FILE_OFFSET_BITS=64 mafaili.c \
  $(pkg-config --cflags --libs fuse3) -o mafaili
./mafaili -f picha.img /mnt/jaribu
```

Hiyo `-f` inaizuia programu isijifiche nyuma, ili ujumbe utoke kwenye terminali yako. Rudia zile amri za ASUBUHI na USIKUUU na itakutajia faili, mstari, na namba iliyosogezwa. Itapiga kelele pia kwenye sehemu ambazo kuzunguka ni kwa makusudi, kama hesabu za hashi na cheksamu, hizo achana nazo.

Ila kifaa hiki kinaona tu mstari uliopitiwa wakati wa jaribio. Kwa hiyo baada ya hapo nilikaa na kikombe cha chai nikapitia kwa macho, `grep -n '<<' *.c`, mstari kwa mstari, nikijiuliza swali moja tu: kilicho kushoto kwa mshale kina biti ngapi? Nikakuta sehemu nne, na jaribio langu lilikuwa limegusa mbili tu. Ya tatu ilikuwa kwenye kukata faili, ya nne kwenye kuhesabu nafasi iliyobaki, ambayo ndiyo iliyokuwa inamdanganya shemeji kwamba diski ina nafasi tele. Kisha ukapitie na kuzidisha, `blk * bsize`, ugonjwa ni uleule.

Tiba yenyewe ni neno moja, ila liweke mahali pake

```
uint64_t pos = k->mwanzo + ((uint64_t)blk << 12);
```

Basi. Unaipanua `blk` kuwa biti 64 kabla ya kusogeza. Sasa angalia hii nyingine, ambayo nimeikuta kwenye kodi za watu wazima kabisa:

```
uint64_t pos = k->mwanzo + (uint64_t)(blk << 12);   /* BADO MBOVU */
```

Inafanana, inapendeza, na haisaidii hata chembe. Unabadilisha chombo baada ya mchele kumwagika.

Kuna ndugu yake wa kimyakimya zaidi, huyu hana hata mshale. Unataka kushusha ofseti hadi mwanzo wa bloku:

```
uint32_t bsize = 4096;
uint64_t chini = ofseti & ~(bsize - 1);
```

`~(bsize - 1)` kwa biti 32 ni 0xFFFFF000. Ikipanuliwa kwenda biti 64 juu inajazwa masifuri, kwa hiyo hiyo `&` inafuta biti zote 32 za juu za ofseti, na faili lako la GB 5 linarudi GB 1. Kichekesho ni kwamba `bsize` ingekuwa `int` ingefanya kazi vizuri, maana hapo inapanuliwa na alama, juu zinajaa moja. Yaani mtu mwangalifu anayebadilisha `int` zake kuwa `uint32_t` "kwa usalama" ndiye anayeileta bagi. Andika `~((uint64_t)bsize - 1)` ulale.

Na kwenye logi, mimi nilikuwa nachapa nafasi kwa `%u`, kwa hiyo hata baada ya kurekebisha logi iliendelea kuonyesha namba ndogo nikadhani kiraka hakijafanya kazi, nikapoteza saa nzima. Tumia `PRIu64`.

Ukiwa hapohapo, angalia namba zinazotoka kwenye diski

Hii ni hatari zaidi kuliko ya ofseti, kwa sababu diski anaweza kukuletea mtu mwingine. Flashi iliyookotwa, picha iliyodaunilodiwa, chochote. Namba yoyote iliyosomwa kutoka diskini ichukulie kama ya mtu usiyemjua.

Mfano, kichwa cha diski kinasema kuna maingizo `n`, kila ingizo baiti 64, nawe unaandika:

```
uint32_t jumla = n * 64;
struct ingizo *t = malloc(jumla);
```

Mtu akiweka `n` kuwa 67108865, kuzidisha kunatoa 4294967360, ukitoa ile duru moja inabaki 64. Umeomba baiti 64, nafasi ya ingizo moja tu, halafu kitanzi chako kinakuja kujaza milioni 67. Hapo si data tena inayoliwa, ni kumbukumbu ya programu, na mwenye nia mbaya anaanza kusogea. Rekebisha hivi:

```
size_t jumla;
if (n > MAINGIZO_MWISHO ||
    __builtin_mul_overflow(n, sizeof(*t), &jumla))
        return -EINVAL;
```

`__builtin_mul_overflow` ipo GCC tangu toleo la 5 na Clang wanayo pia. Inakwambia kweli au si kweli, hakuna kubahatisha. Mpaka wa `MAINGIZO_MWISHO` weka mwenyewe kulingana na ukubwa wa diski, maana namba inaweza isifurike na bado ikawa upuuzi. Kama unafanya kazi ndani ya kerneli ya Linux kuna `check_mul_overflow`, `check_add_overflow` na `struct_size` kwenye `include/linux/overflow.h`, na badala ya kuzidisha mwenyewe tumia `kmalloc_array`.

Usidhani haya ni ya sisi wa mtaani tu. Januari 2022 ilitangazwa CVE-2022-0185 (CVE ni namba inayopewa dosari ya usalama iliyotangazwa), kwenye `fs/fs_context.c` ya kerneli yenyewe. Kulikuwa na ukaguzi wa `len > PAGE_SIZE - 2 - size`. Ukurasa ni 4096, `size` ikifika 4095 kutoa kunashuka chini ya sifuri, lakini kwa namba zisizo na alama hakuna chini ya sifuri, unapata dubwana la namba, na kila `len` inaonekana ndogo. Mlango wazi. Kiraka kiligeuza kutoa kuwa kujumlisha: `size + len + 2 > PAGE_SIZE`. Kodi ile ilikuwepo tangu toleo la 5.1 la mwaka 2019, imesomwa na watu wangapi.

Miezi sita kabla, Julai 2021, Qualys, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitoa ile waliyoiita Sequoia, CVE-2021-33909, kwenye `fs/seq_file.c`: ukubwa wa aina ya `size_t` unapitishwa kwenye kazi inayopokea `int`. Wakatengeneza folda ndani ya folda ndani ya folda hadi njia ikazidi GB 1, wakaipandisha, wakaifuta, wakasoma `/proc/self/mountinfo`, na kerneli ikaandika baiti 10 za neno `//deleted` mbali nje ya eneo lake. Baiti kumi, na mtumiaji wa kawaida anakuwa root, mwenye mamlaka yote kwenye mashine. Tiba yake ninaipenda, hawakupanua kitu, walikataa tu: ukubwa ukizidi `MAX_RW_COUNT`, hupewi kumbukumbu.

Kwa hiyo una njia mbili, kupanua au kukataa. Mimi nikapanua kwenye ofseti kwa sababu rekodi za GB 5 ni halali, ila juu yake nikaweka kukataa pia, faili likifika mwisho wa GB 10 zake:

```
if (ofseti < 0 || (uint64_t)ofseti > k->uwezo ||
    urefu > k->uwezo - (uint64_t)ofseti)
        return -EFBIG;
```

Angalia mpangilio. Ile kutoa ya mwisho ni salama kwa sababu tu ukaguzi wa katikati umeshahakikisha ofseti haizidi uwezo. Ukizigeuza umerudi kwenye bagi ya 2022.

Jaribio linaloona pacha

Kila nafasi ya juu ya GB 4 ina pacha wake chini, ni ileile ukitoa 4294967296. Jaribio lazima liandike wote wawili kwanza, ndipo lisome wote:

```
N="104 1073741824 2147483640 4294967290 4294967400 5368709120"
for p in $N; do
  printf '%010d' $p | dd of=$F oflag=seek_bytes seek=$p \
    conv=notrunc status=none
done
# shusha na upandishe hapa
for p in $N; do
  dd if=$F iflag=skip_bytes,count_bytes skip=$p count=10 status=none
  echo "  <- ilitakiwa $p"
done
```

104 na 4294967400 ni mapacha, 1073741824 na 5368709120 ni mapacha, na hizo mbili za katikati zinakatiza mpaka wa GB 2 na GB 4, nusu ya maandishi huku nusu kule. Kwenye kodi ya zamani 104 ilinirudishia 4294967400. Kwenye mpya kila mmoja alijitaja jina lake. Kama una kifaa cha biti 32, Raspberry Pi ya zamani kwa mfano, jaribu huko pia, na usiiondoe `-D_FILE_OFFSET_BITS=64`, ingawa FUSE yenyewe itakataa kukompailiwa bila hiyo.

Mafaili ya zamani, hapa ndipo nilipotaka kulia

Unaweka kiraka, unawasha, unafungua faili la juzi, na mwisho wake ni masifuri matupu. Unadhani umeharibu zaidi. Hapana, ni kwamba kodi ya zamani iliandika mwisho kule mwanzoni, na ilikuwa inausoma kulekule mwanzoni, sasa kodi mpya inautafuta mahali sahihi ambapo hakuna aliyewahi kuandika. Kwa hiyo USIWEKE kiraka kwenye diski yenye data kabla ya kuhamisha.

Nakili diski nzima kwanza. Halafu kwa kila faili lililozidi 4294967296, toa namba hiyo kwenye ukubwa wake, kinachobaki ndicho kipande cha usiku kilicholala mwanzoni. Kihamishe, `M` ikiwa bloku ambayo faili linaanzia na `N` ni idadi ya bloku za hicho kipande, ukikadiria kwenda juu:

```
dd if=picha.img of=picha.img conv=notrunc bs=4096 \
   skip=$M seek=$((M + 1048576)) count=$N
```

Hii inafaa faili lisilozidi GB 8, likizidi hapo limejizungushia mara mbili na duru ya kwanza haipo tena. Mwanzo wa faili baada ya hapo utakuwa bado na usiku, ule wa asubuhi umefutika, hakuna programu itakayourudisha. Ukitaka usimchanganye mtu, jaza sehemu hiyo masifuri.

Kama kiraka chako ni cha kerneli na unataka kukituma, kipitishe `scripts/checkpatch.pl`, pata wahusika kwa `scripts/get_maintainer.pl`, weka mstari wa `Fixes:` wenye komiti iliyoileta bagi, na `Cc: stable@vger.kernel.org` ili matoleo ya zamani nayo yapone. Kwenye maelezo andika namba halisi, bloku ngapi, inatoa ngapi, ilitakiwa ngapi, wanaosoma wanapenda kupiga hesabu wenyewe.

Shemeji nilimrudishia usiku wake mahali pake, faili 11 kwa jumla. Ya siku ya saruji asubuhi yake ilikuwa imeshaliwa saa 1 na dakika 40 za mwanzo. Yeye aliangalia kuanzia hapo, akamwona kijana wa mkokoteni anatoka na mifuko miwili mchana kweupe, wala hakuihitaji asubuhi.